Namna ya Kuutunza Moyo Wako Unapomuuguza wa Kwako Usiku na Mchana

Siku mgonjwa anaporuhusiwa kutoka hospitali, anayekwenda kumuuguza nyumbani hufundishwa mambo mengi kwa muda mfupi: dawa ipi ni ya asubuhi na ipi ni ya usiku, namna ya kumshika anapohamishwa kutoka kitandani hadi kwenye kiti, na kwamba asiyeweza kujigeuza sharti ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya kulalia. Ni nadra sana kuelezwa yatakayompata yeye mwenyewe. Haambiwi kwamba ipo siku atasimama kando ya kitanda, beseni la maji mkononi, amejaa hasira dhidi ya mtu asiye na kosa lolote, kisha ajichukie kwa saa nzima. Wala haambiwi kwamba ipo siku nyingine, pengine ya wiki hiyo hiyo, atakapohisi utulivu wa ajabu kwa sababu tu mgonjwa wake amelala bila maumivu na pumzi zake zimekuwa sawa.

Nilimuuguza mama yangu kwa miaka sita baada ya kupata kiharusi, miaka minne ya mwisho nikiwa nimeacha kazi kabisa, na mwongozo huu nauandika kwa ajili ya yule ambaye sasa yuko pale nilipokuwa. Sitaeleza namna ya kuosha wala kulisha, kwa kuwa hayo hufundishika upesi. Nitaeleza namna ya kuishi na yale yanayopita moyoni, nikianza na jambo ambalo laiti ningalilijua mapema: kinachomvunja anayeuguza mara nyingi si wingi wa kazi, bali ni kuifanya kazi hiyo pasipo mtu wa kuishuhudia.

Hayo si maoni yangu peke yangu. Mwaka 1980 Steven Zarit na wenzake nchini Marekani walichapisha uchunguzi wa watu 29 waliokuwa wakiwauguza jamaa zao wenye dimensha, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Mtu angedhani kwamba aliyelemewa zaidi ni yule ambaye mgonjwa wake alikuwa na vurugu nyingi zaidi. Haikuwa hivyo. Uzito waliouhisi haukufuatana na matatizo ya mgonjwa, bali ulifuatana na mara ambazo jamaa wengine walifika kumtembelea. Pale walipofika mara nyingi, anayeuguza alilemewa kidogo. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa dodoso ambalo hadi leo hutumika katika nchi nyingi, lenye maswali 22, na miongoni mwake yamo maswali yanayouliza kama unamkasirikia mgonjwa unapokuwa karibu naye na kama unaona haya kwa tabia zake. Hisia ambazo wewe unazificha usiku kana kwamba umezibuni peke yako zimeenea kiasi cha kuandikiwa swali rasmi.

Yataje yaliyomo moyoni

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuyataja. Chukua daftari, au mtafute mtu mmoja asiye mwepesi wa kuhukumu, kisha sema jambo lilivyo: nina hasira, nimechoka naye, namwonea wivu dada yangu anayelala usiku kucha, na jana nilitamani yaishe. Hilo la mwisho ndilo linaloumiza wengi kulitamka, kwa sababu linasikika kama kumtakia mtu kifo. Kwa kawaida sivyo. Anayetamani yaishe hutamani mateso yaishe, ya mgonjwa na yake, na kwa kuwa haoni mlango mwingine wa kutokea, fikra zake huenda kwenye mlango pekee anaouona.

Unapoyataja, jaribu kutumia neno "na" mahali pa "lakini". Ukisema, "Nampenda mama lakini nimemchoka," sehemu ya pili ya sentensi huifuta ile ya kwanza, nawe hubaki na hatia. Ukisema, "Nampenda mama na nimemchoka," yote mawili husimama, na yote mawili ni kweli. Ni badiliko dogo la neno moja, ila lilinisaidia kuliko mawaidha mengi niliyopewa kwa nia njema.

Hasira inahitaji utaratibu, si majuto. Mama alikuwa na mazoea ya kufungua vifungo vya gauni lake kwa mkono wa kushoto, ambao ndio uliokuwa umebaki na nguvu. Alivifungua kimoja baada ya kingine, taratibu, akianzia juu, mara tu nilipokuwa nimemaliza kuvifunga. Asubuhi moja alifanya hivyo mara nne, na mara ya nne niliuondoa mkono wake kwa nguvu iliyonitisha mimi mwenyewe. Tangu siku hiyo nilijiwekea kanuni. Nilipohisi taya zinakaza, nilihakikisha kwanza kwamba yuko salama, kwamba hawezi kuanguka na hana kitu cha kumkaba kinywani. Kisha nilimwambia, "Mama, natoka kidogo, narudi," nikaenda kunawa uso na kusimama nje hadi pumzi zitulie. Niliporudi sikuanza na kazi iliyonikasirisha. Nilianza na jambo jingine, kwa mfano kufungua dirisha. Baadaye nilitambua kwamba vifungo vile vilikuwa kazi pekee ambayo bado aliweza kuianza na kuimaliza mwenyewe, nikaacha kupigana navyo. Nilimpa gauni la zamani lenye vifungo vingi alishike mapajani, na lile alilolivaa likawa la kuvuta juu ya kichwa.

Ikiwa umeshamvuta, umemsukuma au umempiga, au unahofu kwamba utafanya hivyo, basi jambo limevuka mpaka wa daftari. Siku hiyo hiyo mwite mtu aje ashike zamu, na mweleze daktari au muuguzi anayemhudumia mgonjwa wako ukweli wote. Anayesema mapema humwokoa mgonjwa na hujiokoa.

Kuhusu hatia, ninashauri uitenge na huzuni, kwa kuwa huja zimevaa nguo moja. Hatia ya kweli hufuata kosa, nayo hutibiwa kwa kuomba radhi na kurekebisha. Niliuondoa mkono wa mama kwa nguvu, nikamwomba radhi, nikabadili gauni. Kinachobaki baada ya hapo, ile sauti inayosema ungefanya zaidi, ungekuwa na subira zaidi, ungegundua dalili mapema zaidi, aghalabu si hatia bali ni huzuni ya kushindwa kuuzuia ugonjwa. Huzuni haiombewi radhi. Inasikilizwa tu.

Kuwaomba ndugu, na kuwaomba vizuri

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na hakuna anayeielewa methali hiyo kama mtu anayeuguza huku ndugu zake wakiuliza kwa simu, "Mnaendeleaje?" kisha wakaridhika na jibu la "Hatujambo." Nami nililitoa jibu hilo kwa miaka miwili. Nililitoa kwa sababu nilitaka waone wenyewe, bila kuambiwa, na kila walipokosa kuona nilikiongeza kinyongo kingine juu ya vile vilivyotangulia. Leo nasema kwa yakini kwamba kungojea kuonwa ni kosa. Aliye mbali hana namna ya kuona, na aliye karibu akiona unaweza hudhani unapenda.

Anza kwa kuandika siku saba zako jinsi zilivyo, saa kwa saa, pamoja na kila mara ulipoamka usiku. Usiongeze wala usipunguze. Karatasi hiyo huwa na nguvu kuliko malalamiko, kwa kuwa ndugu anayesoma kwamba uliamka saa sita, saa nane, saa tisa na nusu na saa kumi na moja, na kwamba ilikuwa vivyo hivyo siku zote saba, hana la kubishana nalo. Kisha omba jambo lenye siku, saa na mipaka. "Naomba mnisaidie" ni ombi ambalo kila mmoja hulikubali na hakuna anayelitekeleza. "Kaka, naomba ukae na mama kila Jumamosi kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili jioni" ni ombi linalojibika kwa ndiyo au hapana, na hata hapana yake ina faida, maana unajua pa kutotazamia.

Asiyeweza kufika aombwe yale yanayowezekana kwa mbali: kufuatilia miadi ya kliniki, kushughulikia makaratasi, kulipia mtu wa kushika zamu, au kumpigia mgonjwa simu saa ile ile kila siku, jambo ambalo hukupa nusu saa na humpa mgonjwa kitu cha kutazamia. Usiikatae fedha kwa kuwa uliomba mikono, ingawa ni haki yako kusema wazi kwamba fedha peke yake haitoshi.

Mtu anapokuja kushika zamu, ondoka. Nasisitiza hili kwa sababu wengi wetu hubaki mlangoni tukisahihisha. Ndugu yako atamchana nywele vibaya, atamvisha soksi zisizofanana, atachelewa robo saa kumpa dawa isiyodhurika kwa robo saa. Mwachie karatasi yenye mambo machache yasiyoweza kukosewa, kisha toka nyumba hiyo, hata kama huna pa kwenda. Ndugu aliyesahihishwa mara tatu harudi mara ya nne, nawe utakuwa umejifungia mwenyewe.

Yupo pia ndugu anayekuja mara mbili kwa mwaka na kuondoka akiwa ameacha ushauri. Sijapata dawa ya kinyongo hicho isipokuwa moja, nayo ni kumwalika akae usiku mmoja badala ya kumweleza chochote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na usiku mmoja wa kumgeuza mgonjwa hufundisha yale ambayo ugomvi wa mwaka mzima haukuyafundisha.

Kuwaketisha ndugu pamoja huleta matokeo yanayopimika. Katika uchunguzi wa muda mrefu ulioanza mwaka 1987 katika Chuo Kikuu cha New York, Mary Mittelman na wenzake waliwapa waume na wake wa wagonjwa wa Alzheimer, ambayo ni aina mojawapo ya dimensha, vikao sita vya ushauri, viwili vya faragha na vinne pamoja na familia, kisha wakawaunganisha na kundi la wenzao na kuwaruhusu kupiga simu wakati wowote walipohitaji. Mwaka 2006, baada ya kufuatilia wanandoa 406, waliripoti kwamba wagonjwa wa familia zilizopata msaada huo walikaa nyumbani kwa siku 557 zaidi kabla ya kuhamia makao ya wazee. Hakuna aliyewapa dawa mpya. Kilichobadilika ni kwamba yule mtu mmoja hakuwa tena peke yake.

Mazuri yake, na pale yanapopatikana

Katika miaka ya 1990, Susan Folkman alipokuwa akiwahoji watu waliokuwa wakiwauguza wenzi wao wenye UKIMWI katika jiji la San Francisco, mahojiano yalihusu dhiki tu. Waliohojiwa wenyewe ndio waliolalamika kwamba hawaulizwi kuhusu mazuri. Lilipoongezwa swali la jambo jema, karibu wote walikuwa na la kusimulia, na mengi yalikuwa mambo madogo ya kila siku. Wengine miongoni mwao walikuwa wakisimulia hayo wiki chache kabla au baada ya kufiwa.

Nataka uyatazamie mahali hapo hapo padogo. Ukitazamia shukrani, unaweza kungoja bure, kwa kuwa mgonjwa mwenye maumivu au aliyepoteza usemi hana nguvu ya kushukuru, na wengine hukasirika kwa sababu tu wanakuhitaji. Malipo ya kuuguza hukaa kwenye ustadi, kwenye ukaribu, na kwenye kumjua mtu upya. Nilijifunza kumkata mama kucha za mkono uliopooza, ule uliokuwa umejikunja kama ngumi. Ukiuvuta hukaza zaidi. Inabidi uupashe joto kwa maji ya uvuguvugu, uukunje kiganja chake taratibu kuelekea ndani kwenye kifundo, nao vidole hulegea vyenyewe, kimoja kimoja. Ndipo unakausha kiganja kilichokuwa kimefungwa tangu jana na kukata. Tulichukua nusu saa. Hakuweza kusema, nami sikuwa na la kusema, na nikikumbuka miaka ile sita, nusu saa zile ndizo ninazozikumbuka kwa hamu. Sikuwa nimewahi kuushika mkono wa mama yangu kwa nusu saa tangu nilipokuwa mtoto.

Ili mambo ya namna hiyo yasipotelee kwenye uchovu, andika kila usiku mstari mmoja wa kitu ulichokiona. Usiandike unachopaswa kushukuru, andika kilichotokea. "Leo amecheka mlango ulipojifunga kwa upepo." Baada ya miezi michache utakuwa na ushahidi kwamba siku zilizoonekana kufanana hazikufanana.

Hata hivyo, furaha hiyo haiamrishwi. Wapo wanaowauguza wazazi waliowaumiza utotoni, au wenzi ambao ndoa ilikuwa imeshavunjika kabla ya ugonjwa, na wanatimiza wajibu wao kwa uaminifu bila kuonja utamu wowote. Mtu wa namna hiyo asiambiwe kwamba kazi yake ni baraka. Anaweza kuwa mwadilifu bila kuwa na furaha, na wema wake haupungui.

Kumlilia aliye hai

Kuna huzuni ambayo haina mahali pa kupokelewa. Mume wako yupo, anapumua, anakula, lakini yule aliyekuwa akikusikiliza jioni hayupo tena. Mtaalamu wa Marekani Pauline Boss, aliyeanza kuichunguza hali hii miaka ya 1970, aliieleza kuwa ni upotevu usio bayana: mtu yupo kwa mwili na hayupo kwa nafsi, na kwa sababu hakuna siku iliyotangazwa ya kumpoteza, hakuna anayekuja kukupa pole.

Jipe pole mwenyewe, kwa utaratibu. Taja kilichopotea kwa umahususi: si kusema "amebadilika", bali "hatanisimulia tena habari za siku yake", "hajui tena jina la mtoto wetu". Mwambie mtu, ulie ikiwa kilio kimekuja. Kisha, kwa mwenye dimensha, acha kumrudisha kwa nguvu kwenye dunia yako. Akikuita kwa jina la dada yake aliyefariki, kumsahihisha humpa msiba mpya kila mara, nawe hubaki umeshinda hoja isiyo na faida. Muulize kuhusu huyo dada. Unaweza kujifunza jambo ambalo hakuwahi kukusimulia alipokuwa na kumbukumbu zote.

Ikiwa unamuuguza mwenzi wako wa ndoa, tenga muda mfupi kila siku ambapo hushiki kitambaa, dawa wala kijiko. Keti tu kando yake. Kazi za kuuguza zina tabia ya kuumeza undugu na mapenzi hadi mkabaki muuguzi na mgonjwa.

Mwili wako

Mwaka 1995 Janice Kiecolt-Glaser na wenzake, katika jimbo la Ohio, waliwafanyia wanawake jeraha dogo la kitabibu kwenye mkono, la milimita 3.5, na kulifuatilia hadi lilipopona. Waliokuwa wakiuguza jamaa mwenye dimensha walichukua takriban siku tisa zaidi kupona kuliko wenzao wasiouguza. Mwaka 1999 Richard Schulz na Scott Beach waliripoti kwamba wazee waliokuwa wakiuguza wenzi wao huku wakihisi kuelemewa walikuwa na uwezekano wa kufariki uliozidi kwa asilimia 63 katika kipindi cha miaka minne. Walioishi na kuuguza bila kuelemewa hawakuonyesha ongezeko hilo. Tofauti hiyo izingatiwe, maana inaonyesha kwamba hatari imo katika kulemewa.

Basi usingizi ndio wa kwanza kuutafutia msaidizi, kabla ya kazi yoyote ya mchana. Kila uendapo kwa daktari kwa jambo lolote lako, mwambie kwamba unauguza mtu nyumbani, kwa kuwa hataliona kwenye vipimo. Na ikiwa kwa wiki mbili au zaidi hupati ladha ya kitu chochote, huwezi kulala hata unapopata nafasi, au unawaza kujidhuru, hiyo ni dalili ya sonona, nayo ina matibabu. Usiiite uchovu, na mawazo ya kujidhuru yasingoje hata siku moja kuambiwa mtu.

Baada yake

Siku moja zamu zitakwisha. Huenda mgonjwa akahamia mahali penye wauguzi wa usiku na mchana kwa sababu mahitaji yake yamezidi mikono ya mtu mmoja, jambo ambalo si kumtupa, kwa kuwa utaendelea kwenda kumshika mkono, safari hii ukiwa umelala. Huenda akapona. Au atafariki, nawe utahisi nafuu na uchungu kwa saa ile ile, na nafuu hiyo itakutisha ikiwa hukuonywa. Iruhusu. Umekuwa ukimlilia kwa muda mrefu kabla ya wengine kuanza.

Usikubali chumba chake kiondolewe vitu upesi, hata wakikuhimiza kwa wema. Mpigie simu mtu mwingine aliyewahi kuuguza, kwa kuwa yeye hatakuuliza utafanya nini sasa. Utaendelea kuamka saa nane usiku kumgeuza asiyekuwapo. Mimi niliamka hivyo kwa karibu miezi mitatu. Usipambane na saa hiyo wala usijilaumu. Amka, unywe maji, keti kwenye kiti kile kile ulichozoea hadi mwili utambue kwamba hakuna anayeita, kisha rudi ukalale.